Uliza Sista: Mgongo, kizingiti cha bafu na kamati iliyofia kwenye droo

Kamwene wasomaji wangu, na wa upande wa Tukuyu ugonile. Toleo lililopita nilimjibu binti mmoja anayemlea bibi yake nyumbani, nikagusia kidogo tu habari ya mgongo wa anayemhudumia mzee, basi toka hapo simu yangu haijapumzika. Karibu jumbe zote zinatoka kwa watu wanaofanya kazi kwenye vituo vya kutunzia wazee, na karibu zote zinauliza kitu kilekile kwa njia tofauti, yaani sisi wahudumu tukikaa wenyewe tukapanga mambo ya usalama wetu, itasaidia au tunapoteza muda? Nimechukua nne. Majina ya vituo nimeyatoa, mnajua wenyewe.

*

Shikamoo Sista. Mimi ni mhudumu kwenye kituo cha wazee huku Uyole, mwaka wa sita huu. Wazee wetu ni 31, mchana tupo watano, usiku wawili. Mgongo unaniuma mpaka kuvaa viatu nakaa chini, na siko peke yangu, mwenzangu mmoja kaacha kazi karudi kwao Chunya. Mwezi wa tatu bosi alileta mtu akatufundisha kunyanyua kwa kukunja magoti, tukapiga na picha, hamna kilichobadilika. Tulipomfata tena akasema haya undeni kamati yenu ya usalama, nyie ndo mnaijua kazi, mniletee mapendekezo. Tulifurahi kweli. Tukakaa jumapili baada ya ibada tukaandika mambo 23, nakutumia picha ya karatasi uone. Akaisoma mbele yetu, akaikunja, akaitia kwenye droo, akasema hela hamna. Sasa hivi ukimwita mtu kwenye kikao anakujibu nenda kakae na droo. Tufanyeje?
Mhudumu, Uyole

Marahaba mwanangu, pole sana. Hiyo ya droo nimecheka, alafu nikajiona mbaya kucheka.

Kabla ya kamati, mgongo wako. Kama maumivu yanashuka mguuni, au mguu unakufa ganzi na kukosa nguvu, au mkojo unakuponyoka, au huku chini unapokalia huhisi vizuri, acha kusoma hapa nenda hospitali leo. Leo, sio ukipata ofu.

Sasa twende kwenye hayo magoti. Miaka yangu yote wodini nimefundishwa kukunja magoti na mimi nikafundisha wengine, na wenzangu wote tuliostaafu pamoja tunatembea tumeshika kiuno, kwahiyo niamini nikisema somo lile peke yake halitoshi. Gunia linakaa kimya ukilishika, lakini mzee anaogopa katikati ya safari anakukaba shingo, au mguu unamlegea na uzito wote unakuja upande wako ukiwa umejikunja. Marekani kuna taasisi ya serikali ya utafiti wa usalama kazini inaitwa NIOSH, wao walipiga hesabu wakasema mtu mmoja akimsogeza mgonjwa kwa mikono asibebe zaidi ya kama kilo 16, tena mgonjwa awe mtulivu. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20. Yaani kikomo cha mgonjwa ni pungufu ya ndoo ya maji! Mzee wa kilo 60 mkimbeba wawili kila mmoja ana 30, hapo magoti yakunje usiyakunje mmeshapita. Kwahiyo kitu cha kutafuta ni namna ya kutomnyanyua kabisa, ateleze, aviringike, ajisukume mwenyewe kwa kiasi anachoweza.

Na hiki ndo kitu ambacho bosi hawezi kukijua akiwa ofisini na mkufunzi wa siku moja hawezi kukijua, mnakijua nyie. Ndo maana hizi kamati za wafanyakazi wenyewe zina maana. Ila ya kwenu ilikosea mwanzo, naomba usikasirike.

Mambo 23 kwa siku moja ni orodha ya kilio. Mtu mwenye hela kidogo ukimpa vitu 23 havichambui, anakunja karatasi. Nimeisoma picha yako, mashine ya kunyanyulia iko namba moja, chai ya usiku namba 23, katikati kuna kila kitu mpaka rangi ya geti (rangi ya geti inamuumiza nani jamani). Lakini namba 14 mmeandika maneno manne tu, "kizingiti bafu la wanaume", alafu mkaendelea zenu. Nikakupigia kuuliza, ukaniambia kizingiti kile ni kama sentimita 10, kiti cha magurudumu hakipiti, kwahiyo kila mzee wa kiume anayeogeshwa mnambeba watu watatu kiti na mtu wake juu kwa juu, kuingia na kutoka, wazee 12, karibu kila siku. Mwanangu, huo ndo mgongo wako! Umeuandika namba 14.

Anzeni hapo. Kitu cha kwanza cha kamati kiwe kidogo, kinarudia kila siku, kinaumiza wengi, na kikitengenezwa kila mtu akipita koridoni anakiona. Mteremko wa kiti cha magurudumu kawaida ni moja kwa kumi na mbili, kwahiyo kizingiti cha sentimita 10 kinataka mteremko wa sentimita 120. Hiyo ni kazi ya simenti kidogo na fundi mmoja. Mwambieni fundi asipige niru ikawa laini kama kioo, simenti ikiwa mbichi apitishe ufagio ibaki na michirizi, maana hapo pana maji na sabuni. Na kabla hajaanza mmwagie maji bafuni muone yanaelekea wapi, msije mkahamisha bwawa kulileta koridoni.

Alafu kabla ya kikao kingine fanyeni kitu kimoja. Chukueni karatasi la manila, mchore mtu mbele na nyuma, libandikeni chumba cha kubadilishia nguo na kalamu nyekundu pembeni, kila mtu akipita aweke nukta pale panapomuuma, bila jina. Wiki moja. Wodini kwetu zamani tulifanya hivyo, nukta zikajaa kiunoni kama tulivyojua, lakini kulikuwa na nukta saba kwenye kifundo cha mkono wa kulia na hakuna aliyewahi kusema. Tukaulizana, kumbe ni mkono wa kuzungushia kile kishikio cha kupandisha na kushusha kitanda, vitanda vinne vilikuwa vimeshika kutu, watu wanavikamua kama wanafungua nati ya lori. Tatizo la grisi tu. Tungekaa tunaongea mpaka leo hakuna ambaye angesema "grisi".

Na hapohapo kuna vitu havitaki ruhusa ya hela kubwa. Shuka nzee ikunje mara mbili, ipite chini ya mzee toka mabegani mpaka mapajani, watu wawili mnaivuta kuelekea kwenye mto badala ya kumkamata makwapa, makwapa msiyaguse, mnamteguzia bega. Ubao laini wa kumtelezesha toka kitandani kwenda kwenye kiti, seremala yeyote anautengeneza, auzungushe kingo na aupige msasa mpaka mkono usikwaruzike, vanishi mara mbili. Mkanda mpana wenye vishikio wa kumfunga mzee kiunoni akiwa anasimama, wale mafundi wa mabegi pale Mwanjelwa wanashona vizuri kabisa, ila asifungwe mzee mwenye kidonda au mshono tumboni. Na kama usiku mko wawili kwa wazee 31, basi wale wazito wageuzwe na kuhamishwa wakati wa kukabidhiana zamu, pale ambapo wa mchana na wa usiku wote wapo. Nusu saa hiyo mna watu saba! Watu huwa wanaitumia kusimama wanasubiriana wasaini.

Mashine nayo sisemi ni ndoto. NIOSH walitoa utafiti mwaka 2004, vituo sita vya wazee kule Marekani, wafanyakazi 1,728, walipoleta mashine za kunyanyulia pamoja na mafunzo na utaratibu wa kutobeba kwa mikono, madai ya fidia kwa watu walioumia kwa kunyanyua yalishuka kwa asilimia 61, na hela iliyotumika ikarudi ndani ya miaka mitatu. Hiyo ipelekeeni kwa bosi siku nyingine, akiwa ameshaona mteremko wa bafu unafanya kazi. Kwenda na mashine siku ya kwanza ndo mlivyofikia kwenye droo.

Namna ya kumpelekea ni hivi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Lowell, hukohuko Marekani, wamefanya kazi na wahudumu wa vituo vya wazee miaka mingi, na utaratibu wao una timu mbili, timu ya wafanyakazi wanaochimba tatizo na kubuni njia, alafu kamati ndogo ya wakubwa wanaoshika hela na ruhusa. Wafanyakazi hawapeleki ombi moja la ndio au hapana, wanapeleka njia kadhaa kwa tatizo moja, kila moja na gharama yake na faida yake. Nyie mkienda na mteremko wa simenti, mteremko wa mbao wa kuweka na kutoa, na kiti cha kuogeshea kinachokaa ndani ya bafu, vyote vina bei mlizouliza dukani, bosi anachagua, hakunji. Na mwisho wa karatasi pawe na mstari "jibu litolewe kabla ya tarehe fulani", hata kama jibu ni hapana, hapana iliyoandikwa na sababu yake ina faida kuliko droo.

Kikao kiwe ndani ya saa za kazi. Jumapili baada ya ibada mnajitolea mara mbili, ya tatu anakuja katibu peke yake. Na grupu la wasapu sikatai ila nalijua litakavyokuwa, wiki ya pili ni maua ya habari za asubuhi, na tafadhali picha za wazee wakiwa bafuni zisiingie humo.

*

Sista, habari za kazi. Sisi tuko Makete, baridi ya huku unaijua mwenyewe. Kamati yetu ya usalama inafanya kazi vizuri kuliko za watu wengine, tumeshafanikisha mambo mengi. Mwezi wa sita tulikubaliana kwa kura zamu ya usiku iwe inaingiza jiko la mkaa kwenye chumba cha wazee na chumba cha wahudumu, wazee walikuwa wanatetemeka. Wamefurahi sana. Tunafunga madirisha kuanzia saa tatu joto lisitoke. Tuandikie kwenye gazeti wengine waige.
Katibu wa kamati, Makete

Katibu, nimekuandikia ujumbe siku ileile na narudia hapa kwa herufi za gazeti, TOENI HILO JIKO. Leo.

Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na ule mkaa mwekundu mzuri usiotoa moshi ndo unaodanganya zaidi. Gesi ile inashika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwahiyo mtu anapumua vizuri tu huku mwili unakosa hewa, anasinzia, haamki. Ulinijibu kwamba wahudumu wa usiku wanaamka vichwa vinawagonga na kichefuchefu, mkadhani ni uchovu wa zamu. Sio uchovu! Na mzee ambaye hawezi kusema kichwa kinauma mmejuaje yeye anasikiaje.

Najua mlipiga kura kwa nia nzuri na wazee walikuwa wanateseka kweli. Lakini kamati kuwa ya wafanyakazi haifanyi kila inachoamua kuwa sahihi, mambo ya moto, dawa, umeme na kemikali muulizeni mtu anayejua kabla hamjapiga kura. OSHA, huu wakala wetu wa usalama na afya mahali pa kazi, wana ofisi ya kanda hapa Mbeya.

Joto litapatikana. Kofia na soksi za sufu usiku, mwili wa mzee unapoteza joto haraka na mara nyingi wanalala kichwa wazi. Mablanketi mawili mepesi ni afadhali kuliko moja zito. Chai au uji saa mbili usiku. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa taulo, ila mzee mwenye kisukari au aliyepooza usimwekee mguuni, anaungua na hahisi, ipasheni kitanda kabla hajapanda alafu muitoe. Zibeni upepo chini ya milango kwa gunia lililoviringishwa. Kufungua dirisha kidogo na kubaki na jiko, mlivyoniuliza, hapana, hakuna anayeweza kukupimia dirisha likifunguka kiasi gani ndo salama.

*

Sista mi nafua nguo kituo cha wazee Iringa mjini, jana nilikuwa natoa mashuka kwenye beseni sindano ikanichoma kidole damu ikatoka. Nesi akasema weka spiriti itapoa. Hii ya pili mwaka huu. Kuna kamati ya usalama ila ni ya manesi na wahudumu wa wodini, sisi wa kufua na jikoni hatumo. Naogopa.
Mfuaji, Iringa

Huyu nilimpigia palepale usiku, asubuhi yake alikuwa hospitali ya rufaa ya mkoa na dawa ameanza, kwahiyo naandika kwa ajili ya wengine.

Sindano ikikuchoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, usitie spiriti wala Jik. Alafu nenda, usisubiri kesho kutwa. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo na mwisho ni saa 72, zinamezwa siku 28. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta Iringa asilimia 11.1 ya watu wa miaka 15 na zaidi wana VVU, Njombe 12.7, kwahiyo usijipe moyo kwamba ya mzee haina kitu. Lakini pia usijiue kwa hofu, sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, watu 1,000 wakichomwa wanaoambukizwa ni kama watatu, na dawa inapunguza zaidi. Homa ya ini B ndo inaambukiza kirahisi kuliko VVU, na ina chanjo, dozi tatu, ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita toka ile ya kwanza. Mfuaji anatakiwa achanjwe sawasawa na nesi.

Ajali iandikwe siku ileile. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi 2015 unachangiwa na mwajiri peke yake, kwenye mshahara wako haikatwi hata shilingi, na mfuaji ni mfanyakazi kama mwingine yeyote.

Sasa sindano ilifikaje kwenye shuka. Mfuaji ananiambia kuna wazee watatu wanachomwa insulini asubuhi, na boksi la kutupia sindano liko chumba cha dawa mwisho wa korido. Nesi anachoma, anaweka sindano kitandani amalize kumfunika mzee, anaitwa na mwingine, imeisha. Wala simlaumu sana, nimeshafanya. Boksi liende na sindano mpaka pembeni ya kitanda, na likifika robo tatu lifungwe, lisisindiliwe. Kifuniko cha sindano kisirudishwe. Kamati ya watu wa wodini peke yao isingeliona hili kwa sababu wao sindano ikishapotea kwenye shuka tatizo lao limeisha, linaanza la mwenzao beseni kwake. Wa kufua, wa jikoni, wa usafi, mlinzi, kila kundi litoe mtu.

*

Sista, mimi ni msimamizi wa kituo kidogo Tukuyu, wafanyakazi 11. Wameomba waunde kamati ya usalama wao wenyewe. Kusema ukweli nahofia, leo usalama, kesho mishahara, keshokutwa mgomo. Hivi nalazimika? Na nikikubali nisimamie vipi isije ikanigeuka?
Msimamizi, Tukuyu

Asante kwa kusema ukweli. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue kwa maandishi mwakilishi wa usalama na afya. Wewe una 11. Kwahiyo mwakilishi ungetakiwa uwe umeshamteua hata kabla hawajaomba kamati.

Mishahara wataongelea tu, hata bila kamati, tena jikoni ukiwa haupo. Wape saa moja kwa mwezi ndani ya saa za kazi, usiwe mwenyekiti, usiingie kikao kizima, ingia dakika kumi za mwisho usikilize walichofikia. Weka fungu dogo la hela wanaloweza kulitumia bila kukuuliza, hata la kununulia taa ya koridoni na mpira wa kuzuia kuteleza. Na mtu akiandika kwamba ameteleza usimuulize kwanza ulikuwa umevaa nini, maana ukiuliza hivyo mara moja tu daftari la ajali litakaa jeupe mwaka mzima na wewe utadhani kituo chako ni salama.

Hilo daftari lenyewe lisikae ofisini kwako. Litobolewe lining'inie kwa kamba karibu na mlango wa jikoni, na kalamu nayo ifungwe kamba, maana kalamu ndo inaibiwa kwanza.